Maktaba ya Carnegie ya Braddock: ukaguzi wa jengo la 1889, kuanzia bafu la chini hadi paani

Braddock ni mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, kando ya mto Monongahela, upande wa mashariki wa Pittsburgh. Sensa ya 1920 ilikuta wakazi zaidi ya 20,000. Ya 2020 ilikuta 1,721. Watu wamepungua, lakini ukubwa wa maktaba yao ni uleule. Iko Library Street namba 419, na ndiyo maktaba ya kwanza ya Andrew Carnegie kufunguliwa nchini Marekani, tarehe 30 Machi 1889. Ile ya Dunfermline, mji wa Scotland alikozaliwa tajiri huyo wa chuma, ilitangulia mwaka 1883. Ya Allegheny, mji uliokuwa jirani na Pittsburgh, iliahidiwa kabla ya Braddock, ila milango yake ilifunguliwa mwaka 1890.

Tunalikagua jengo lenyewe hapa: lilivyopangwa, lilivyotumika, mahali majengo ya aina hii yanapooza na sababu zake, na nani alikuwa akilipa. Swali la mwisho ndilo linalostahili muda zaidi, hasa kwa kamati yoyote ya mji mdogo, iwe Marekani au kwetu, inayopewa jengo la maktaba kama zawadi na kufurahia mkasi wa utepe kabla ya kuuliza gharama ya paa.

Ukisimama barabarani unaona nyumba moja kubwa ya mawe, lakini kwa kweli ni mbili zilizounganishwa. Nusu ya kwanza ilibuniwa na William Halsey Wood, msanifu wa Newark, New Jersey, aliyependa sura ya majengo ya Ulaya ya zama za kati. Nusu ya pili iliongezwa mwaka 1893 na kampuni ya wasanifu ya Longfellow, Alden na Harlow, ambayo ilifuata mtindo wa Henry Hobson Richardson: mawe yenye uso wa kukwaruza, matao mazito ya nusu duara, kuta zinazoonekana kama zimeota kutoka ardhini. Nyongeza hiyo ilikaribia kulifanya jengo kuwa maradufu. Sura zimeshikana vizuri kuliko mtu angetarajia kwa wasanifu tofauti. Fundi, hata hivyo, ataanza kwa kutafuta mahali zinapokutana. Kuta zilizojengwa kwa miaka tofauti hutitia kwa viwango tofauti, na paa mbili zinapogusana hutengeneza bonde. Maji yote ya pande mbili hupita katika bonde hilo, majani hukwama humo, theluji hulala humo. Katika jengo lolote lililoongezewa, doa la kwanza la maji darini mara nyingi huwa chini ya bonde.

Nyumba kuukuu hukaguliwa kuanzia chini, na hapa chini ndiko kuliko na jambo bora kuliko yote. Orofa ya chini ya jengo la 1889 ilikuwa na bafu za wafanyakazi. Kiwanda cha Edgar Thomson, kilichojengwa na Carnegie, kilichoanza kazi mwaka 1875 na kinachotoa chuma cha pua mpaka leo, kiko hapohapo mjini. Mtu aliyetoka zamu alikuwa na masizi, jasho na vumbi la madini, na nyumba za kupanga za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya bomba. Kumwambia apande moja kwa moja akashike vitabu ni kumwambia asije. Kwa hiyo mpango ukawa kwamba anaoga chini kwanza, kisha anapanda kusoma akiwa safi. Wood alielewa kwamba msomaji anakuja na mwili wake, na kwamba huduma ya kwanza ya maktaba inaweza kuwa sabuni na maji. Hakuna sehemu ya jengo inayostahili sifa zaidi ya hii.

Lakini bafu haziwezi kutenganishwa na saa za kazi. Edgar Thomson kiliwahi kuendeshwa kwa zamu za saa 8, jambo alilolitetea sana msimamizi wake, Kapteni Bill Jones. Baada ya mgogoro wa 1887 na 1888, kiwanda kilirudi kwenye zamu za saa 12 chini ya ulinzi wa askari wa kukodi wa Pinkerton, na chama cha wafanyakazi kikavunjwa. Maktaba ilifunguliwa mwaka mmoja baadaye. Piga hesabu ya siku ya mtu wa tanuru: saa 12 za kazi, kwenda na kurudi, kula, kulala saa 7 au 8. Kinachobaki hakifiki saa 4, naye amechoka. Zamu ya mchana ilipobadilishana na ya usiku, kila baada ya wiki mbili, wengi walipiga saa 24 mfululizo. Ukaguzi wa haki wa jengo hili lazima uliweke hilo mezani: milango ilikuwa wazi, vitabu vilikuwepo, ila muda wa kuvisoma ulikuwa umechukuliwa na mkono uleule uliotoa maktaba. Wapo wafanyakazi wa Marekani waliozipinga zawadi za Carnegie kwa sababu hiyo hasa, na mauaji ya Homestead ya Julai 1892, wafanyakazi wa kiwanda kingine cha Carnegie walipopambana na askari wa Pinkerton kilomita chache chini ya mto uleule, yaliwapa hoja nzito.

Leo bafu za chini zimegeuzwa karakana ya ufinyanzi. Ni mageuzi yenye akili, maana vyumba vya kuogea vina kile ambacho karakana ya udongo huhitaji na ambacho ni ghali kukiweka upya: maji ya bomba, sakafu isiyoogopa maji, na mifereji ya kutolea maji. Anayetaka kuiga azingatie mambo matatu. Udongo wa mfinyanzi usiachwe uingie kwenye bomba la maji taka hata kidogo, kwa sababu hutulia chini, hukauka kama saruji, na kulizibua ni kazi ya kuvunja sakafu. Weka tangi la kutulizia chini ya sinki, au angalau ndoo mbili za kusuuzia mikono kabla ya bomba, na tope litolewe kwa mkono. Vumbi la udongo mkavu lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo sakafu hupigwa deki kwa maji na haifagiliwi. La tatu ni tanuru la kuchomea: linataka laini yake ya umeme na njia yake ya kutolea hewa hadi nje, maana jengo lenye vitabu juu haliwezi kupokea joto na gesi zake kupitia ngazi.

Nyongeza ya 1893 ilileta ukumbi wa muziki wa viti 964, ukumbi wa mazoezi, bwawa la kuogelea, na hata njia mbili za mchezo wa boling. Meza za biliadi zilikuwepo pia. Kwa wakati wake hii ilikuwa klabu, hamamu, ukumbi wa jamii na maktaba chini ya paa moja. Wengine huona kwamba mambo haya yaliimeza maktaba, nasi hatukubaliani nao. Mtoto aliyekuja kuogelea alipita karibu na rafu, na mama aliyekuja kusikiliza kwaya aliona chumba cha kusomea kilipo. Katika mji wa wahamiaji waliozungumza lugha nyingi za Ulaya ya mashariki, bwawa halihitaji Kiingereza.

Tatizo lake ni la kifundi. Bwawa la ndani hutoa mvuke mchana na usiku, na vitabu vinaanza kupata ukungu hewa inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hadi 65 kwa siku kadhaa. Vitu hivi viwili vinaweza kukaa jengo moja iwapo kila kimoja kina hewa yake: feni za bwawa zinazotoa hewa nje moja kwa moja, milango miwili yenye nafasi katikati ili ukifungua mmoja mwingine uwe umefungwa, na kuta za upande wa bwawa zisizopitisha mvuke. Kinachoshinda miradi mingi ni kuzima feni ili kubana matumizi ya umeme. Mvuke hupanda kwenye dari, mbao huoza bila kuonekana, na gharama ya miezi michache ya umeme iliyookolewa hulipwa mara nyingi kwenye paa. Kwamba inawezekana, ushahidi uko jirani: maktaba ya Homestead ya 1898, iliyoko Munhall, nayo ilijengwa na bwawa na ukumbi wa muziki, na haikufa kwa sababu ya maji.

Ukumbi wa muziki ndio mzigo. Viti 964 katika mji wa watu 1,721 ni zaidi ya nusu ya mji kukaa kwa wakati mmoja. Ni chumba kizuri, chenye thamani ya kihistoria isiyobishaniwa, ila chumba kirefu cha namna hiyo hakina hali ya kati: ama unapasha joto hewa yote ya ndani, ama huwashi kabisa. Kila msimu wa baridi usiowashwa, plasta hupanuka na kusinyaa, nyufa hutanuka, na rangi hubanduka. Kukarabati ukumbi kama huu kunataka kuanza na paa na mabomba, kisha umeme, kisha plasta, na viti mwisho kabisa. Kamati nyingi huanza na viti kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye picha za wafadhili.

Sasa vitabu vyenyewe na sakafu. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu vya kawaida ina uzito wa kilo 30 hadi 40. Chukua rafu ya pande mbili yenye ngazi saba kila upande, upana wa sentimita 90: hizo ni mita 12 na ushei za vitabu, yaani kilo 380 hadi 500 kabla ya kuhesabu mbao au chuma cha rafu yenyewe. Wahandisi wa Marekani huhesabu kilo 730 hivi kwa kila mita ya mraba mahali pa rafu za vitabu, na kilo 290 hivi kwa vyumba vya kusomea. Maana yake ni kwamba huwezi kugeuza chumba cha kusomea cha orofa ya juu kuwa ghala la vitabu kwa sababu tu kina nafasi. Kosa hili lipo sana kwenye maktaba za zawadi: chumba kinapokea makontena ya vitabu vilivyotolewa, rafu zinapangwa katikati ya sakafu ya mbao, na baada ya miaka michache sakafu inakuwa na bonde. Rafu nzito zikae juu ya sakafu ya ardhini, au zipangwe kukatiza maboriti ili uzito ugawanyike. Ziache sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite, na ngazi ya chini kabisa iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu, kwa siku ambayo bomba litapasuka.

Kuhusu kuta, jengo lolote la mawe la miaka ile lina adui wawili: masizi ya kiwanda na saruji ya mkarabati. Moshi wa makaa una salfa. Ikikutana na unyevu na chokaa ya viungo hutengeneza gamba jeusi linalong'ang'ania uso wa jiwe na kubanduka nalo. Njia salama ni maji ya shinikizo dogo na subira. Kupuliza mchanga kwa mashine hung'arisha kwa siku moja na kuondoa ngozi ya jiwe ambayo haitarudi. Saruji ni mbaya zaidi kwa kuwa huonekana kama matengenezo. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu kutoka ndani hadi nje. Fundi akiziba viungo kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia, hupita kwenye jiwe lenyewe, huganda wakati wa baridi, na uso wa jiwe hupasuka vipande vipande. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu wanaujua ugonjwa huu, ila kwao chumvi ndiyo inayofanya kazi ya barafu.

Tiba ni ileile pande zote mbili za bahari. Kwangua kiungo kwa mkono, kwa patasi nyembamba, hadi kina cha mara mbili au mbili na nusu ya upana wa kiungo. Mashine ya kukatia huchana kingo za mawe, iache sandukuni. Lowesha ukuta. Changanya sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa na sehemu tatu za mchanga safi wenye chembe kubwa na ndogo, shindilia kwa tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa ili isikauke kwa haraka. Kazi hii haifanywi joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Na kabla ya kugusa kiungo chochote, tengeneza mifereji ya paa, kwa sababu ukuta unaomwagiwa maji kila mvua hautapona kwa chokaa ya aina yoyote.

Tumefika kwenye pesa. Pwani ya Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa jina la wakfu: anayejenga msikiti huacha na shamba la minazi au chumba cha duka, na mapato yake ndiyo yanayonunua mafuta ya taa na chokaa ya ukuta. Carnegie naye alifanya kitu kinachofanana na hicho. Machi 1901, baada ya kuuza kampuni yake kwa dola milioni 480, alitenga hati za dhamana za dola milioni 5: milioni 4 kwa wafanyakazi walioumia na wazee, na milioni 1 kwa matunzo ya maktaba tatu za bonde la Monongahela, yaani Braddock, Homestead na Duquesne. Kwa riba ya asilimia 5, hizo ni dola 50,000 kwa mwaka kwa nyumba tatu. Mwaka 1901 kilikuwa kiasi cha maana. Kufikia 1950 bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda karibu mara tatu, wakati paa, makaa na mishahara havikubali kulipwa kwa bei ya 1901. Wakfu wa minazi hupanda bei pamoja na nazi; wakfu wa riba isiyobadilika hubaki na namba yake ileile huku thamani ikiyeyuka.

Kwa miji mingine Carnegie alitumia kanuni tofauti, na ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya maktaba zake 2,509 duniani, zaidi ya 1,600 kati yake zikiwa Marekani. Mji ulitoa kiwanja na kuahidi, kwa kodi yake wenyewe, kutumia kila mwaka asilimia 10 ya zawadi ya ujenzi. Aliyepewa dola 10,000 aliahidi dola 1,000 kila mwaka. Ni kanuni bora kuliko ile ya Braddock, kwa sababu inaufanya mji kuwa mwenye nyumba badala ya mpangaji wa hisani. Lakini ina kasoro ileile iliyojificha: asilimia 10 ya gharama ya siku ya ujenzi ni namba iliyogandishwa. Miji mingi iliifanya dari wakati ilikusudiwa kuwa sakafu. Kipimo cha kufaa zaidi, ambacho watunza majengo ya umma wa Marekani hukitumia leo, ni asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka ya gharama ya kulijenga jengo hilo upya kwa bei za sasa, kwa matengenezo peke yake, nje ya mishahara na vitabu.

Ukubwa wa Braddock pia ulitoa somo. Kuanzia 1908 katibu wa Carnegie, James Bertram, alidai kuiona ramani kabla ya kutoa pesa, na mwaka 1911 akatoa waraka wa maelekezo: jengo la mstatili, orofa moja juu ya besimenti, besimenti izame kama mita 1.2 ardhini, dari yake iwe mita 2.7 hadi 3, dari ya sakafu kuu mita 3.7 hadi 4.6, na madirisha ya pembeni na nyuma yaanze mita 1.8 au zaidi kutoka sakafuni ili rafu zipange ukuta wote bila kukatika. Mkutubi mmoja aliyekaa katikati aone kila kona. Ukumbi wa mihadhara ulishuka besimenti. Minara na bwawa vikatoweka. Ni mpango wa kubana matumizi, na kwa mji wa watu elfu chache ni bora kuliko Braddock kwa karibu kila kipimo, isipokuwa furaha ya kuuangalia.

Ila nao uliacha deni. Besimenti iliyozama nusu inapandisha sakafu kuu mita 1.5 au zaidi juu ya barabara, na msomaji wa kiti cha magurudumu anabaki chini ya ngazi. Kwa mteremko unaokubalika wa 1 kwa 12, kupanda mita 1.5 kunataka mita 18 za njia, tena lazima ikatwe katikati na kipumzikio cha mita 1.5, maana mpando mmoja hauruhusiwi kuzidi sentimita 76. Viwanja vingi vya maktaba hizo havina nafasi hiyo, na mji unalazimika kuweka lifti. Anayejenga leo ajenge sakafu kuu usawa wa barabara.

Dada watatu wa wakfu mmoja walipata hatima tatu. Duquesne ilibomolewa mwaka 1968. Homestead ilidumu. Braddock ilifungwa mwaka 1974, na tarehe hiyo ina jambo la kutahadharisha: mwaka mmoja kabla, 1973, jengo lilikuwa limeingizwa kwenye Rejista ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria. Watu wengi hudhani jina likishaandikwa humo jengo limelindwa. Rejista hiyo haimzuii mwenye mali kubomoa kwa pesa zake. Ni heshima na mlango wa kuombea ruzuku. Nairobi ina mfano wa ulinzi ulio tofauti. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa msaada wa familia ya McMillan na shirika la Carnegie la New York, ilipewa sheria yake yenyewe mwaka 1938. Wakati huo huo wenyeji Waafrika hawakuruhusiwa kuingia kusoma kwa miongo miwili na zaidi, kwa hiyo ulinzi wa kuta usichanganywe na huduma kwa watu.

Jengo lililofungwa hufa haraka kuliko jengo lililochakaa likitumika. Joto likizimwa bila kumwaga maji yote kwenye mabomba, baridi ya kwanza huyapasua, maji yakirudishwa hufurika, plasta huanguka, njiwa huingia kupitia kioo kimoja kilichovunjika. Braddock ilikuwa njiani kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Iliokolewa na chama cha historia cha hapohapo mjini, kikiongozwa na David Solomon, mkutubi wake wa mwisho, na nyumba ikachukuliwa kwa dola 1. Mwaka 1983 walifungua chumba cha watoto peke yake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kifundi na kibinadamu pia. Chumba kimoja kinaweza kupashwa joto, kulindwa na kuhudumiwa na watu wa kujitolea, na jengo lenye mtu ndani kila siku hupata anayeona tone la kwanza linapodondoka. Tangu hapo halijafungwa kwa kukata tamaa, na mwaka 2012 lilipandishwa hadhi kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Huduma moja ya karne hii inafaa kuigwa popote: tangu 2013 maktaba inaazimisha kazi za sanaa kwa kadi ileile ya vitabu. Mkazi anachukua picha halisi ya ukutani, anaishi nayo nyumbani, kisha anairudisha. Anayetaka kuanzisha kitu kama hiki aweke picha kwenye fremu zenye akriliki badala ya kioo, begi gumu la kubebea kwa kila kazi, ndoano na maelekezo ya kutundikia ndani ya begi, na fomu ya hali ya kazi yenye picha inayopigwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Kazi za karatasi zisipewe mtu ambaye atazitundika jikoni au mkabala na dirisha la jua.

Wasomaji wetu walioko Pittsburgh wanaweza kufika kwa basi la umma. Jengo limeingia kwenye ukarabati mkubwa miaka hii ya 2020, na kazi za namna hiyo huhamisha huduma kutoka chumba hadi chumba au nje ya jengo kabisa, hivyo piga simu kabla ya kutoka nyumbani na uliza mahususi kama ukumbi wa muziki na karakana ya chini vinaonekana. Ukiruhusiwa kuzunguka, omba uanzie chini, kwenye bafu, kisha upande kwa njia aliyopanda mfanyakazi wa 1889. Ukitoka, rudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, tazama paa, na utafute mahali nusu ya Wood inapokutana na nusu ya 1893.